Rangi Si Cheo: Tunachopaswa Kujua Kuhusu Krimu za Kuchubua Ngozi

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wauzaji wa vipodozi, wasusi, wapiga picha za harusi na wakazi wa Mombasa. Tunayachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.

Nawashukuru kwa kufunga maduka na saluni mapema ili tuketi pamoja. Najua kila saa ya biashara mliyoiacha ina thamani yake.

Mimi ni afisa wa mawasiliano, si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni maneno na picha. Mambo ya kitabibu nitakayoyataja yanajulikana kwa madaktari wa ngozi na yamechapishwa na Shirika la Afya Duniani. Wenzangu wa idara ya afya wako hapa kujibu maswali. Nimekubali kuzungumza kwa sababu biashara ya kuchubua ngozi huanza kwa maneno na picha, kabla hata mkebe haujafunguliwa.

Pia sikuja kumcheka wala kumhukumu mtu yeyote anayejipaka. Huenda yumo humu ndani. Huenda ni mama, ni bwana harusi mtarajiwa, au ni kijana wa bodaboda. Karibu sana. Nitakayosema yatakuhusu, na mwishoni nitakueleza cha kufanya.

Kwanza, ngozi yenyewe

Rangi ya ngozi inatokana na kitu kiitwacho melanini. Ndani ya ngozi mna seli zinazoitengeneza. Wengi hawajui kwamba idadi ya seli hizo inakaribiana kwa binadamu wote, awe Mgiriama, Mhindi au Mzungu. Tofauti iko katika kiasi na aina ya melanini inayotengenezwa.

Na melanini ina kazi. Inaikinga ngozi dhidi ya miale ya jua inayounguza na inayoweza kuleta saratani. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua letu ni kali mwaka mzima. Kwa mtu anayeuza samaki juani, anayesukuma mkokoteni Kongowea au anayengoja feri Likoni saa saba mchana, ngozi nyeusi ni mwavuli aliozaliwa nao.

Tuwaangalie ndugu zetu wenye ualbino. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 9,700 nchini Kenya. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni ya kukinga jua, kwa sababu bila melanini ngozi huungua, hupata vidonda, na saratani huwa karibu. Basi fikirieni jambo hili. Pesa za umma zinatumika kumkinga mtu aliyekosa melanini, na jirani yake anatoa pesa mfukoni ili aiondoe yake.

Kilichomo ndani ya mkebe

Vitu vitatu ndivyo vinavyoleta madhara makubwa.

Cha kwanza ni haidrokwinoni. Kemikali hii huzizuia seli za ngozi kutengeneza melanini. Wiki za mwanzo uso hung'aa, na majirani husema umependeza. Mtu akiendelea kwa miezi na miaka, huweza kupatwa na maradhi yaitwayo okronosisi. Mashavu na paji la uso hugeuka rangi ya weusi wenye ubuluu, kama pameungua, na ngozi hukwaruza kama msasa. Mwaka 1975 daktari wa ngozi kule Pretoria, Afrika Kusini, alieleza madhara haya kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu hizo. Hadi leo ni vigumu sana kuyatibu. Ubaya zaidi ni kwamba mtu anapoona weusi umerudi, huongeza krimu. Anajipaka kile kile kilichomdhuru.

Cha pili ni zebaki, yale madini ya majimaji yaliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani. Chumvi za zebaki huzuia melanini pia, na ni rahisi kutengeneza, ndiyo sababu watengenezaji wasiojali huzipenda. Zebaki hupenya ngozi, huingia katika damu na hudhuru figo. Inaweza pia kudhuru mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka, vidole hufa ganzi, usingizi hukatika, mtu husahau, huwa mwepesi wa hasira au hushikwa na huzuni asiyoijua chanzo chake. Miguu huvimba na mkojo hutoa povu. Mtu anaweza kuhangaika hospitali miezi mingi akitibiwa mambo mengine, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza anajipaka nini, naye hakuona haja ya kusema.

Cha tatu ni steroidi, kama vile clobetasol na betamethasone. Hizi ni dawa halali. Daktari huziandika kwa pumu ya ngozi na maradhi mengine, kwa kiasi kidogo na kwa siku zilizohesabiwa. Tatizo ni mtu kujipaka mwili mzima kila siku kama mafuta ya kawaida. Ngozi hukonda hadi mishipa huonekana. Hutoka michirizi, chunusi na fangasi zisizosikia dawa. Steroidi ikiingia mwilini kwa wingi huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Ngozi iliyokonda huchelewa kupona na haishiki vizuri nyuzi za mshono. Mama aliyejipaka tumboni miaka mingi, kisha akahitaji kujifungua kwa upasuaji, anaingia chumba hicho na hatari ambayo hakuambiwa na aliyemuuzia tyubu.

Kuna pia mkorogo, ule unaochanganywa nyuma ya pazia. Tyubu ya dawa ya ngozi, krimu mbili tatu zisizojulikana, shampuu, na wakati mwingine dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hakuna anayejua kipimo cha chochote, hata aliyeukoroga.

Siku hizi kuna na sindano na vidonge vya glutathayoni. Nchini Ghana, mamlaka ya chakula na dawa ililazimika mwaka 2018 kuwaonya wajawazito waliokuwa wakimeza vidonge hivyo ili wazae watoto weupe. Mwacheni mtoto azaliwe kwanza.

Sumu haiishii kwa anayejipaka

Kama madhara yangempata mwenye kujipaka peke yake, mtu angeweza kusema huo ni mwili wake na uamuzi wake. Ila zebaki haitulii mahali pamoja.

Mama akijipaka krimu yenye zebaki, inabaki mikononi, kwenye taulo, shuka na mto. Mtoto anayelala kifuani pake anaigusa na kuilamba. Zebaki hupita kwa mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni, na ubongo unaokua ndio unaoathirika kwa urahisi zaidi. Wanaokaa nyumba moja na mtumiaji wamewahi kupatikana na zebaki mwilini bila ya wao wenyewe kujipaka kitu.

Anapooga, maji hayo hupita mferejini, na hapa kwetu mferejini ni safari fupi hadi baharini. Ikifika majini, zebaki hugeuzwa na vijidudu kuwa aina kali zaidi inayojikusanya ndani ya samaki. Ndiyo maana mkataba wa dunia kuhusu zebaki unaitwa Mkataba wa Minamata. Minamata ni mji wa wavuvi nchini Japani. Katika miaka ya 1950 wakazi wake walianza kuanguka, kupooza na kupoteza akili kwa kula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda. Sisi tunaokula samaki wa Mtongwe na Tudor tuna sababu ya kulikumbuka jina hilo.

Sheria inasemaje

Kuna wanaodhani serikali imeanza juzi. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni, zebaki na homoni za steroidi tangu 1998. Kijana aliyezaliwa mwaka huo leo ni mtu mzima. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, limekuwa likitoa orodha za bidhaa zilizopigwa marufuku. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inagusa vipodozi pia, na maafisa wetu wa afya ya umma wana mamlaka ya kukagua. Nacho Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zilizo salama na habari za kutosha kuzihusu.

Jirani zetu nao wamechukua hatua. Ghana ilizuia haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 2016. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio mwaka 2019 la kutaka nchi wanachama zifanye vivyo hivyo. Chini ya Mkataba wa Minamata, vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo vilipaswa kukoma mwaka 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kiasi hicho, ili kufikia 2025 pasiwe na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Na kwa wale wanaoamini kwamba krimu ya ng'ambo ni salama, hata Marekani, tangu 2020, krimu ya haidrokwinoni haiuzwi bila karatasi ya daktari.

Basi kwa nini krimu hizi bado zipo? Kwa sababu zinaingia kwa njia za panya, zinabadilishwa jina na lebo, na zinauzwa kwa simu. Lakini sababu kubwa ni kwamba wanunuzi wapo. Tunaweza kukamata mikebe kila wiki, na kama hamu iko pale pale, mkebe mwingine utakuja. Kwa hiyo lazima tuizungumzie hamu yenyewe.

Rangi ilipataje cheo?

Si kweli kwamba watu wanajichubua kwa sababu ya ujinga. Mtu anayejipaka amesoma mazingira yake vizuri. Ameona nani anaitwa mrembo, nani anapokewa kwa tabasamu, nani anakaa mezani pa mapokezi na nani anapelekwa jikoni. Anachonunua dukani ni heshima, ila heshima hiyo ameikuta imepakiwa ndani ya mkebe.

Hapa Pwani jambo hili lina historia ndefu kuliko televisheni. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907. Kabla ya hapo mji uligawanyika kwa waungwana na watumwa, na waliotiwa utumwani wengi waliletwa kutoka bara. Kisha ukaja utawala wa Uingereza na ngazi yake: Mzungu juu, akifuatwa na Mhindi na Mwarabu, na Mwafrika chini. Ngazi hiyo iliamua mshahara, shule na hata wodi ya hospitali. Kuandikwa mwenyeji au asiye mwenyeji kulibadilisha kodi uliyolipa, na koo za humu humu mjini zilipeleka malalamiko serikalini zikidai zisihesabiwe miongoni mwa wenyeji. Wakati huo kuwa mweupe kidogo kulikuwa sawa na kuwa na hati mkononi. Ngazi ile imevunjwa na sheria, lakini macho yetu bado yanaipanda.

Wafanyabiashara waliliona hilo mapema. Katika miaka ya 1960, nchi zetu zikiwa zimetoka tu kupata uhuru, matangazo ya krimu za kung'arisha yalisambaa katika magazeti na majarida ya Afrika. Ujumbe ulikuwa mmoja: aliyesoma, mwenye kazi ya ofisi, mwenye mchumba mzuri, ni mweupe. Hawakuhitaji kuitaja rangi nyeusi kwa ubaya. Waliiacha nje ya picha, na msomaji akamalizia mwenyewe.

Wapo waliojaribu kulitatua kwa nguvu. Tanzania, mwishoni mwa 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua. Kilichofuata ni vijana wa kiume kuwakabili na kuwapiga wanawake barabarani na kwenye mabasi. Wanawake wakadhalilishwa hadharani, na leo neno mkorogo limetufikia kutoka huko huko. Funzo lake kwetu ni kwamba ukaguzi uelekezwe kwa bidhaa na walioiingiza. Usielekezwe usoni mwa mwanamke anayepita njiani.

Maneno yetu ya kila siku

Sasa nije kwenye eneo langu, maneno.

Mtoto huzaliwa, wageni huja kumtazama. Kabla ya kuuliza kama mama ana afya, mtu hukunja sikio la mtoto aangalie atakuwa rangi gani. Akiwa mweupe, shangwe. Akiwa mweusi, husemwa kwa upole, kama pole ya msiba, kwamba atang'aa akikua. Mtoto huyu akifika miaka mitano anaitwa mweusi kama sufuria na wajomba zake wanaompenda. Shuleni anaitwa makaa. Akifika umri wa kuolewa, anasikia mama wa mchumba akimsifu msichana mwingine kwa neno moja tu: mweupe. Si mpole, wala mchapa kazi. Mweupe.

Na yule anayeitikia sifa hizo kwa kujipaka, tunamgeukia. Tunamwita uso wa Fanta, miguu ya Koka. Tulimfundisha kwamba weusi ni aibu, kisha tunamcheka kwa kutuamini.

Lakini Kiswahili chetu kina sifa za uzuri zaidi ya hiyo. Tuna mwanya. Tuna shingo yenye pingu, macho ya kurembua, sauti laini, mwendo wa madaha. Tuna rangi ya maji ya kunde na tuna weusi wa kung'aa. Tuna haiba, neno ambalo halina rangi kabisa. Wanawake wa Pwani wamejitunza tangu zamani kwa liwa, singo, hina, wanja na udi, na shabaha kubwa ilikuwa ngozi nyororo, safi, yenye harufu nzuri. Bibi harusi alitoka ndani aking'aa, na mama yake bado alimtambua.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Ndivyo ilivyo kwa rangi ya mkebe. Ukiacha kujipaka, melanini hurudi, kwa hiyo hata ikifanya kazi unainunua upya kila mwezi maisha yako yote. Kwa muuzaji hakuna mteja mzuri kuliko huyo.

Nitazame pia picha, maana hapa pana wapiga picha. Kamera haikuzaliwa ikiwa na usawa. Kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kadi za kusawazishia rangi zilizokuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu, na maabara duniani kote zilipima ngozi zote kwa ngozi yake. Ndiyo maana katika picha za zamani za shule, watoto weusi sana hubaki macho na meno tu. Kosa lilikuwa la filamu. Leo simu zetu zina filta zinazompausha mtu kabla hajaomba. Msichana anajiona mweupe kwenye simu asubuhi hadi jioni, kisha anakutana na kioo.

Mkenya mwenzetu, Lupita Nyong'o, alilizungumzia jambo hili Marekani mwaka 2014, mwaka aliposhinda Oscar. Alieleza kwamba alipokuwa mdogo aliomba Mungu aamke akiwa mweupe zaidi. Alisimulia pia kuhusu msichana aliyemwandikia barua akisema alikuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaghairi alipomwona yeye akisifiwa na dunia. Mwaka 2019 aliandika kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, neno la Kijaluo lenye maana ya nyota. Msichana yule alighairi kwa sababu aliona mtu mweusi kama yeye akiitwa mrembo bila maelezo ya ziada. Sifa kama hiyo twaweza kuitoa hapa hapa mtaani, bila gharama.

Kwa wauzaji, wasusi na wapiga picha

Nyinyi wenye maduka, jueni lugha ya lebo. Maneno ya kung'arisha, kusawazisha rangi, kuondoa madoa na kurudisha ujana hayakuambii kilichomo ndani. Geuza mkebe usome viungo. Ukiona Hydroquinone, Mercury, Calomel, Mercurio, Clobetasol au Betamethasone, usiiweke rafuni. Onyo la kutogusisha krimu na vito vya dhahabu au fedha ni dalili ya zebaki. Na mkebe usio na orodha ya viungo kabisa, usio na jina la mtengenezaji wala tarehe, unastahili shaka zaidi.

Bidhaa ya Kenya iwe na alama ya ubora ya KEBS yenye nambari ya kibali. Unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe wa SM# ukifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023. Bidhaa kutoka nje iwe na kibandiko cha uagizaji cha KEBS. Dai risiti kutoka kwa aliyekuuzia. Akikataa kukupa risiti, anajua kwa nini. Siku mkaguzi akija, aliyekuletea hatakuwepo. Utakuwepo wewe na mtaji wako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa inayoletwa na mtu wa begi jioni, kwa bei ya kunong'ona, inajitembeza.

Wasusi na warembeshaji, nyinyi mnaona ngozi za watu kwa karibu kuliko sisi sote. Mnaona mashavu yaliyoanza kuingia ubuluu, na ngozi ya shingo iliyokonda kabla mwenyewe hajaiona. Mwambie mteja faraghani, kwa heshima, kama dada. Neno lako litasikika kuliko bango letu. Na poda ya uso ichaguliwe ifanane na ngozi ya bibi harusi, isiwe ya kuificha.

Wapiga picha, mtu mweusi anahitaji mwanga unaomfaa. Msimweke mbele ya dirisha lenye jua kisha mseme hatoki vizuri. Mgeuze, mpe mwanga wa kutosha usoni, na uache filta ya kumpausha mpaka aiombe mwenyewe.

Kama tayari unatumia

Nilisema nitakueleza cha kufanya.

Usione haya. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, na ubebe mkebe au tyubu unayotumia. Mhudumu akiona jina au lebo, atajua aanzie wapi. Ukipimwa shinikizo la damu, sukari au mkojo, taja krimu hata usipoulizwa. Mjamzito na anayenyonyesha waseme mapema zaidi, kliniki ya kwanza.

Kama unachojipaka ni steroidi, na umeitumia kwa muda mrefu au mwili mzima, usiiache ghafla bila ushauri. Ngozi inaweza kuwaka, kuvimba na kuwasha vibaya, na mwili uliozoea dawa hiyo unaweza kulegea. Watu wengi huichukua hali hiyo kama ushahidi kwamba ngozi inaihitaji krimu, wakarudi kwake. Daktari atakupunguzia polepole.

Kama unashuku zebaki, acha kuitumia leo, nawa mikono na ufue taulo na mashuka. Mkebe usiutupe chooni wala mferejini, na usiuchome, maana moshi wake ni sumu. Ufunge ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja na umkabidhi afisa wa afya ya umma. Hatakuuliza ulinunua kwa nini. Atataka kujua ulikonunua, ili tuwafuate walioiingiza.

Jikinge na jua. Ngozi iliyochubuliwa imepoteza ngao yake, kwa hiyo kofia, mtandio, mwavuli na losheni ya jua vitakusaidia inapopona. Kupona kunachukua miezi. Utapitia wakati ambapo rangi itakuwa na mabaka, na majirani watasema. Hapo ndipo tunawahitaji majirani wasiseme.

Ndugu zangu, kaunti ina kazi yake. Maafisa wa afya ya umma waendelee kukagua, na wanaoingiza sumu hii wafikishwe mahakamani. Sisi wa mawasiliano tuhakikishe mabango na machapisho ya umma yanaonyesha wakazi wa Mombasa kwa rangi zao zote, na yeyote akiona tumeteleza atuandikie. Mengine yanafanyika mahali ambapo hakuna afisa, sebuleni na kitandani pa mzazi aliyejifungua. Ukienda kumtazama mtoto mchanga wiki hii, liache sikio lake. Muulize mama amelalaje, muombee mtoto afya, na umwambie ni mzuri.

Sasa tuyapokee maswali, na dada zetu wa idara ya afya watanisaidia kuyajibu.